Hiyo mnayoipiga picha ni theluji, barafu ni habari nyingine

Kila mwaka masika yakianza kuachia, wingu likifunguka asubuhi pale Moshi, magrupu ya WhatsApp yanajaa picha za Mlima Kilimanjaro. Kibo, kile kilele kikuu, nyeupe pee mpaka chini, Mawenzi, kilele cha pembeni, nayo imepakwa, afu maneno ni yale yale kila mwaka: barafu imerudi, wanasayansi walitudanganya. Baba yangu mdogo ndo kinara. Mara ya mwisho alituma kwenye grupu la ukoo picha kaipiga akiwa kwenye barabara ya kupanda Kibosho, akaandika "walisema 2020 itakuwa imeisha, haya hii ni nini, unga?" na emoji za kucheka, ukoo mzima ukalaiki, hadi shangazi yuko Muscat huko akalaiki.

Sa baba mdogo nampa heshima yake, kwanza yeye mlima anaujua kwa mabega, alibeba mizigo ya wageni miaka ya themanini kabla sijazaliwa. Lakini hapo kwenye picha kulikuwa na vitu viwili tofauti na watu wengi tunavichanganya, na mimi kwenye grupu la ukoo siwezi kumwandikia mzee aya kumi, kwa hiyo naziandika huku.

Kile cheupe kinachofunika mlima mzima ghafla baada ya mvua ni theluji. Imedondoka jana usiku, au juzi. Inaweza kukaa siku mbili, inaweza kukaa wiki kadhaa juu kabisa, ila inaondoka. Barafu yenyewe, ile ya kudumu, ni mapande machache yaliyobaki ambayo yana majina: kule kaskazini kuna lile pande kubwa kuliko yote, kusini kuna vipande vya Kersten, Decken, Heim, Rebmann, na ndani ya kreta kuna Furtwängler ambayo saivi ni kama mabaki ya mabaki. Hizo hazidondoki usiku mmoja. Zilijengwa na theluji ya miaka na miaka iliyokandamizana mpaka ikawa jiwe, na ikishaondoka hamna masika yoyote yatakayoirudisha kesho yake. Kwa hiyo siku mlima umefunikwa wote ndo siku mbaya kuliko zote za kupima barafu, maana huoni ipi ya zamani ipi ya jana. Ukitaka kuijua hali yake mwangalie Kibo mwezi wa tisa au mwanzoni mwa wa kumi, asubuhi kabla ya saa mbili, theluji yote ya msimu imeshakwenda zake. Cheupe utakachokiona hapo ndo barafu. Ni kidogo aisee. Kidogo mpaka mgeni anakuuliza "ndo hiyo tu?"

Namba zake ni hivi. Wajerumani walichora ramani ya kilele mwaka 1912, na kwenye ramani ile barafu ilikuwa inafunika kama kilomita za mraba 12. Picha za setelaiti za 2011 zikaonyesha zimebaki 1.76. Yani asilimia 85 imeondoka ndani ya miaka mia moja, na kutoka 2011 mpaka leo haijaacha kupungua, lile pande la kaskazini lenyewe limeshapasuka vipande viwili. UNESCO mwaka 2022 wakasema barafu zote za urithi wa dunia zilizoko Afrika, Kilimanjaro na Mlima Kenya na Rwenzori, zitakuwa zimeisha kufikia 2050.

Hapo kwenye 2020 baba mdogo ana hoja na sitaki kuificha. Mwaka 2002 timu ya Profesa Lonnie Thompson wa Ohio, ambao walipanda mwaka 2000 wakatoboa barafu na kutoa nguzo sita ndefu wakazisafirisha mpaka Marekani zikiwa zimegandishwa, waliandika kwamba kwa mwendo ule barafu ingeisha kati ya 2015 na 2020. Haikuisha. Watu wanasahau tu kwamba kukosea tarehe ya msiba sio sawa na mgonjwa kupona. Mgonjwa bado anapungua uzito kila mwaka tena mbele ya kamera, kama mnataka tuweke hivyo.

Sasa inaishaje? Mimi pia zamani nilikuwa nawaza kwamba huko juu kunapata joto basi inayeyuka inatiririka chini tunakunywa. Sio hivyo kabisa. Chuo Kikuu cha Massachusetts waliweka kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini mwaka 2000, na wastani wa joto pale ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Hewa ya baridi hiyo yenyewe haiyeyushi kitu. Kinachoila ni jua na ukavu. Hewa ya juu ni kavu mno, jua ni kali halina kizuizi, sehemu kubwa ya barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia kuwa maji, inapotea hewani tu. Na zile kuta zake zilizosimama wima zinapigwa jua ubavuni kila siku ya Mungu, zinarudi nyuma kidogo kidogo, na ukuta wima theluji haiwezi kukaa juu yake kwa hiyo hauna cha kuufidia.

Ndo hapo theluji ya kwenye picha zenu inapoingia kwenye stori, na ndo sehemu ninayoipenda mimi. Barafu ya zamani ina vumbi, ina rangi ya kijivu. Theluji mpya ni nyeupe na inarudisha jua lilikotoka. Vaa fulana nyeusi juani saa saba mchana afu vaa nyeupe, utaelewa bila mwalimu. Mvua ya vuli ikiwa nzuri, theluji ikashika juu ya barafu mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, ikakaa, basi lile jua la Januari na Februari linakuta kanzu nyeupe na barafu inapumzika. Vuli ikigoma, jua linakuta barafu iko uchi na chafu, linaila. Wanasayansi waliokaa na hiyo mitambo miaka yote wanasema kikubwa kinachoamua maisha ya barafu ya Kibo ni theluji inadondoka mara ngapi na inakaa muda gani, kuliko joto la siku yenyewe. Na hiyo theluji mwenye ufunguo wake ni Bahari ya Hindi. Maji ya moto yakikaa upande wetu wa bahari, kama ilivyokuwa 2019, vuli inakuwa ya mafuriko na mlima unavaa. Yakihamia upande wa Indonesia tunabaki na vumbi.

Huo ukavu haukuanza jana. Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika juu na Ludwig Purtscheller Oktoba 1889 (wakiwa na watu wa Marangu waliowaongoza na kuwabebea, msisahau hilo, jina la Yohani Kinyala Lauwo lipo mpaka leo), alirudi tena mlimani mwaka 1898 akakuta barafu imeshasogea nyuma kuliko alivyoiacha. Miaka tisa tu! Magari hata hayajafika Moshi. Kwa hiyo mlima ulishaanza kukauka karne ya kumi na tisa mwishoni, mvua za ukanda huu zilipungua, na hili joto la dunia la sasa limekuja kukuta mgonjwa yuko kitandani. Wanaosema ni ukataji miti wa Wachaga peke yake wanakosea na wanaosema ni moshi wa viwanda vya Ulaya peke yake nao wamerahisisha.

Nilipanda na msafara wa Desemba, ile ya kusherehekea Uhuru. Mnajua Desemba 9 ndo usiku Luteni Alexander Nyirenda alipowasha mwenge na kusimika bendera juu Kibo mwaka 1961, basi kila mwaka Watanzania wengi wanapanda tarehe hizo, wanajeshi, wafanyakazi wa benki, wanafunzi, wamama wa vikoba na bendera zao. Tulipita Marangu, njia ya vibanda. Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, ukiangalia unaona aliyepanga alipenda hesabu nyepesi.

Nguo za baridi nilinunua Memorial. Nyie mnaokwenda kukodi kwa bei za ajabu pitieni kwanza Memorial pale Moshi, mitumba ya makoti ya theluji ipo ya kumwaga, tena yale ya watu wa kuteleza na ski kule Ulaya, langu lilikuwa bado lina kitiketi cha plastiki cha kupandia lifti ya mlimani kimening'inia kwenye zipu, Austria sijui wapi. Koti limeona theluji nyingi kuliko ukoo wetu wote.

Kitu kilichonikaa kichwani kwenye ile safari sio kilele. Ni maji. Ukishatoka Horombo, ukaacha zile lobelia na ile miti ya ajabu ya senesio yenye vichwa vya majani na magauni ya majani makavu, unafika mahali kuna kibao kinasema hapa ndo maji ya mwisho. Baada ya hapo ni jangwa. Uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo, mawe na upepo, mbele yako Kibo imesimama na weupe wake juu, na hamna hata tone. Pale Kibo Hut hakuna maji. Kila kikombe cha chai ulichokunywa pale, kila sufuria ya supu, kuna mtu kakibeba begani au kichwani kutoka kule chini. Nilimwangalia kijana mmoja akiingia kambini jioni na dumu la njano la mafuta ya kula, lita ishirini, kifuniko kimekazwa na kipande cha nailoni kisivuje, shingo imekaza mishipa. Kalitua, kafungua kidogo, kamimina kwenye sufuria la mpishi bila kudondosha, afu kakaa juu ya dumu lenyewe anafunga kamba ya kiatu na barafu iko palee nyuma ya kichwa chake. Nikamuuliza "kaka, hiyo ya juu si maji?" Akacheka. "Dada, hiyo haijawahi kunipa hata ya kunawa."

Na kambi ya njia ya Machame nayo ni hivyo hivyo, inaitwa Barafu na maji yanabebwa kutoka bonde la Karanga.

Kwa hiyo ule wimbo wa barafu ikiisha mito ya Uchagani itakauka, mimi nimeacha kuuimba. Maji yetu hayatoki kule. Yanatoka kwenye msitu. Ule mkanda wa msitu wa upande wa kusini, juu kidogo ya vihamba, yale mashamba yetu ya migomba na kahawa, kwenye kimo cha kama mita 2,000 na kitu, unapata mvua inayokaribia milimita 3,000 kwa mwaka, wakati juu kileleni kinachodondoka ni kiduchu. Na juu ya mvua kuna ukungu. Ukipita asubuhi ndani ya msitu kabla ya Mandara utaona zile ndevu za kijani zinazoning'inia kwenye matawi zinadondosha maji hata kama mvua hainyeshi, matone yanaingia ardhini, yanakuja kutokea kwenye chemchemi, kwenye mifongo, ile mifereji waliyochimba mababu, kwenye Karanga na Weruweru, mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, mpaka mabwawa ya umeme ya Pangani. Hata mabwawa ya tembo kule Amboseli upande wa Kenya yanakunywa maji yaliyopita chini ya mlima huu.

Msitu huo huo ndo una mti wa asili mrefu kuliko yote uliowahi kupimwa Afrika, mita 81.5, uko kwenye korongo moja kule ndani, walioupima waliutangaza 2016. Nani aliusambaza kwenye WhatsApp? Hamna. Na Oktoba 2020 moto ulivyowaka mlimani siku na siku, tulituma picha siku mbili za kwanza tukahamia kwenye uchaguzi. Moto ukishapita kwenye ule ukanda wa juu wa erika, vile vichaka vya mpakani mwa msitu, mstari wa msitu unashuka, na ukungu ukija haukuti ndevu za kuunasa. Hapo ndo maji yanapopotea kwa kweli. Ningekuwa na uwezo ningebadilishana: kila picha kumi za kilele, moja ya msitu.

Haya, kupanda sasa. Usiku wa kilele mnaamshwa saa tano, mnakunywa chai na biskuti, saa sita mnaanza. Watu wanauliza kwanini usiku, kwani mchana kuna nini? Changarawe. Ile njia ya kutoka Kibo Hut kwenda Gilman's Point, pale ukingoni mwa kreta, ni changarawe tupu ya volkano, mchana ikipata joto unapiga hatua moja unarudi nusu, usiku imeganda inashika mguu. Kama kuna theluji mpya juu yake ni raha na karaha pamoja. Raha kwa sababu changarawe inatulia. Karaha kwa sababu njia inapotea, anayetangulia anapiga hatua kwenye theluji ya magoti afu wote mnatia mguu kwenye tundu lake, mwendo wa konokono, na yule wa mbele ndo anamaliza pumzi kwa niaba yenu. Siku yetu ilikuwa ya kifundo cha mguu tu, ikitoa sauti kavu chini ya viatu. Kichwa kilikuwa kinagonga. Hewa huko inabana, juu kabisa unapata kama nusu ya ile ya Dar, na mwili unafanya mambo ya aibu, kuna baba mmoja mkubwa tu wa mwili alikuwa analia bila sababu, mwongoza wetu akamshika mkono kama mtoto, "baba, pole pole, tunapumua tu, hatuna haraka." Usicheke. Mimi nilisahau jina la mdogo wangu.

Jua likatukuta juu ya ukingo, kati ya Gilman's na Stella Point. Na mkono wa kushoto ndo nikaiona barafu yenyewe kwa mara ya kwanza karibu. Sio ile laini ya kwenye picha. Ni ukuta. Una mistari ya mlalo, mweupe, kijivu, mweupe, kijivu, vumbi la misimu ya ukame limelala katikati, na sehemu ya juu imechongwachongwa na jua imekuwa miiba, vile visu vya barafu vimesimama maelfu, vingine vya kiunoni, vyote vimeelekea upande mmoja. Hiyo miiba ni jua linakula kwenye vishimo na kuacha kingo. Hakuna kinachodondoka. Hakuna sauti ya maji. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kitu kinayeyuka, kumbe inaondoka kimya na kikavu.

Nilivyorudi nikamuelezea baba mdogo, akaniambia sehemu niliyopita mimi nikiwa kwenye kokoto, wao walikuwa wanapita na ukuta wa barafu uko pale pale ubavuni, unanyoosha mkono unaugusa. Sikubishana naye, yeye alikuwepo.

Watu wamefanya vituko huko juu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda wakiwa na ski na wakateleza nazo kushuka, hilo jina la Furtwängler kwenye barafu ya kreta ndo la huyo bwana. Leo ukipeleka ski pale labda uteleze kwenye jivu. Mwaka 1926 Mchungaji Richard Reusch wa Marangu alikuta chui amekauka na kuganda karibu na ukingo wa kreta, alikuwa anatafuta nini hamna anayejua. Mwaka 2014 watu wakacheza kriketi ndani ya kreta, na Juni 2017 wanawake wa nchi mbalimbali wakacheza mpira humo humo, dakika tisini kamili, sare ya bila kufungana, mimi dakika tisini sichezi hata uwanja wa Ushirika pale Moshi. Uwanja wenyewe ni lile jivu tambarare. Na kuna Simon Mtuy, mtoto wa huku huku, mwaka 2006 alipanda na kushuka bila msaada wa mtu kwa masaa 9 na dakika kama 20, anabeba maji yake na chakula chake. Mimi kwa masaa 9 nilikuwa bado nafunga begi.

Ila kuna sehemu barafu ikiondoka inaacha hatari. Upande wa magharibi, ile njia ya Western Breach, mawe yalikuwa yameshikwa na barafu. Barafu ikirudi nyuma mawe yanabaki yananing'inia, na Januari 2006 yaliporomoka yakaua Wamarekani watatu. Njia ilifungwa, ikaja kufunguliwa baadae. Wenye kampuni makini wakipita pale wanapita alfajiri kukiwa kumeganda, hawachezi na saa.

Na wagumu. Siwezi kuandika kuhusu theluji ya Kilimanjaro nikaacha wagumu, wapagazi wenyewe. Sisi wageni theluji ni picha. Kwao ni viatu vilivyolowa ambavyo kesho asubuhi havijakauka, hema limelemewa, njia inateleza na begani kuna mzigo. Sheria ya hifadhi ni kilo 20, kuna mizani getini, wanapima, mzigo ukizidi unapunguzwa. Lakini getini ni getini, na dumu la maji la kule juu hakuna mzani unalipima. Ukichagua kampuni usiulize bei ya safari tu, uliza wapagazi wanalala wapi, wanakula mara ngapi na wanalipwa shilingi ngapi kwa siku, kama mtu wa ofisini anaanza kuumauma maneno, ondoka. Bei nafuu sana kuna mtu anailipia na sio wewe.

Kuhusu lile suala la kujenga gari la kamba mlimani, ambalo linaibuka na kuzama tangu 2019, msimamo wangu uko upande wa hao hao wagumu na waongozaji waliokataa. Kumpandisha mtu kwa dakika chache mpaka kimo ambacho mwili unahitaji siku kukizoea, afu familia ngapi za Moshi zinazokula kwa mgongo wa huu mlima ziende wapi? Intaneti wameshaweka, 2022 waziri alizindua Horombo, hiyo sawa, mtu akizidiwa anapiga simu. Mengine waache.

Mnaouliza kila siku inbox muda gani kupanda: ukitaka kukavu nenda kati ya Juni na Oktoba, au Januari hadi mwanzoni mwa Machi ambapo theluji ya vuli huwa imebaki bado. Masika usiende kama huna sababu, utaona ukungu na matope na migomba. Ukitaka kuona theluji nyingi na bado ufike, Desemba na Januari ni bahati nasibu nzuri. Miwani ya jua sio urembo, theluji mpya na jua la kule vinachoma macho, kuna jamaa yetu alishuka anaongozwa mkono. Usichukue ile ya siku tano ya Marangu hata kama ni rahisi, ongeza siku moja Horombo ya kuzoea hewa, ndo inayowafikisha wengi. Mtanzania bei yako ya hifadhi ni tofauti kabisa na ya mgeni, beba kitambulisho.

Na kama lengo lako hasa ni barafu, sio cheti, basi Marangu na Machame utaziona zile za kusini kwa mbali kidogo na zile za ukingoni ukiwa umeshachoka huna hamu. Anayetaka kusimama mbele ya Furtwängler au ukuta wa kaskazini anatakiwa alale ndani ya kreta, kama mita 5,700 na kitu, ni baridi ya kufa mtu, ni gharama, na wagumu wengi hawaipendi hiyo kambi kwa sababu za msingi kabisa. Sio kila kampuni inakubali. Hilo liongeeni na mwongoza wako mkiwa Moshi mnakunywa chai, yeye ndo akuambie kama mwili wako unaweza na kama watu wake watakubali kulala pale, maana ukisubiri kuliuliza ukiwa Stella Point saa kumi na mbili asubuhi jibu atakalokupa ni moja tu, tunashuka.